Springi ya pwani ya Maine: mwongozo kamili wa kusoma utabiri wa Machi na Aprili

Kila mwaka ikifika wiki ya kwanza ya Machi simu yangu haipumziki. Watu waliofika Portland, mji wa jimbo la Maine, Marekani, mwaka huo wananipigia na swali ni lilelile, kaka, baridi si ndo imeisha? Na kwa kweli siwezi kuwalaumu, manake ukichungulia dirishani jua linawaka mpaka unafinya macho, theluji inadondoka kwenye paa tone kwa tone, na kalenda ya shule ya mtoto imeandikwa kabisa kwamba mwezi huu springi inaanza. Naandika hapa kwa kirefu ili mtu asome, arudi tena, amsomee na mama yake nyumbani, kwa sababu haya mambo kwenye simu huwa nayaeleza nusu alafu basi linafika.

Mimi mtu wa Tanga. Nimekaa pwani hii ya Maine miaka 9 na kitu nilichojifunza ni kwamba Machi na Aprili ya huku haisomwi kwa macho, inasomwa kwa namba tatu: digrii za usiku, upande unaotoka upepo, na urefu wa maji ya bahari. Hayo mengine yote utayaona chini yanarudi palepale.

Kamusi zetu zinasema springi ni majira ya machipuko, wengine wanaita masika, kwaiyo mtu wa kwetu akisikia anawaza mvua, mahindi yanaota, ardhi imelainika. Huku Machi haioti kitu. Kwa wastani mchana wa Machi hapa Portland unafika digrii 5 au 6 za Selsiasi, usiku inashuka mpaka -3 au -4, na theluji ya mwezi huo peke yake ni kama inchi 12 katika inchi karibu 70 za mwaka mzima. Aprili mchana inasogea kwenye 12, usiku 1 au 2 tu juu ya sifuri. Watu wa hali ya hewa wanahesabu springi kuanzia tarehe 1 Machi, wa jua na nyota wanahesabu kuanzia tarehe 20 hivi usiku na mchana unapolingana, ila udongo na bahari havijui tarehe yoyote kati ya hizo. Bahari ya Ghuba ya Maine mwezi Machi ndo iko baridi kuliko miezi yote, digrii 3 au 4, kwa sababu maji mengi yanachelewa kupoa na yanachelewa kupata moto. Na sisi tumekaa kando yake.

Hatua ya 1: zoea vipimo vyao kwanza

Simu nyingi za huku zinaonyesha Farenhaiti. Namba moja ya kukariri mpaka ikae kichwani ni 32, hapo ndo maji yanaganda. Kwa hesabu ya haraka toa 30 alafu gawa kwa 2, kwaiyo 50 ni kama 10 za kwetu, 40 ni kama 5, inakaribia sana ukweli. Kuanzia hapa digrii zangu ni za Farenhaiti nisiposema vingine. Theluji wanapima kwa inchi, inchi 1 ni sentimita 2 na nusu, na inchi 9 ni kama shubiri moja ya mtu mzima, mimi ndo hivo nawaeleza wazee na wanaelewa papo hapo. Upepo wanapima kwa maili kwa saa, maji ya bahari kwa futi.

Kuna jingine dogo ila linakosesha watu kazi: saa. Utabiri ukisema theluji inaanza saa 7 PM, hiyo ni saa 1 usiku yetu. Nimeona mtu kasoma 7 akajua ni mchana, akakaa nyumbani bila sababu, alafu usiku akatoka na gari katikati ya dhoruba. Na Jumapili ya pili ya Machi saa zinasogezwa mbele lisaa limoja, kwaiyo kwa Tanga tofauti inatoka masaa 8 inakua 7, kwa Uvira na Bujumbura inatoka 7 inakua 6. Wiki ile asubuhi inarudi kua giza, watoto wanasubiri basi la shule gizani kwenye njia zilizoganda, na hapo ndo nataka uwe macho zaidi.

Hatua ya 2: anza mbali, soma ramani za mwelekeo

Marekani wana ofisi inaitwa Climate Prediction Center, iko chini ya NOAA, mamlaka yao ya bahari na anga, inatoa ramani za mwelekeo za aina kadhaa: siku ya 6 mpaka 10, siku ya 8 mpaka 14, wiki ya 3 na ya 4, mwezi mzima, na miezi mitatu mitatu. Ya mwezi inatoka katikati ya mwezi uliotangulia na inarekebishwa siku ya mwisho kabla mwezi haujaingia, kwaiyo ukitaka kujua Aprili angalia tarehe 31 Machi, hiyo ndo mpya.

Ramani zenyewe ni rangi. Nyekundu na machungwa ni joto juu ya wastani, bluu ni chini ya wastani. Kwa mvua, kijani ni nyingi na kahawia ni kidogo. Kama ulishawahi kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza mwelekeo wa masika, zile mvua za wastani hadi juu ya wastani, basi umeshaelewa nusu ya kazi, manake utaratibu ni huohuo. Wanachukua miaka 30, sasa hivi ni 1991 mpaka 2020, wanaigawa mafungu matatu, miaka ya baridi, ya kawaida, ya joto, kila fungu asilimia 33. Kwaiyo kama hawana dokezo lolote, kila upande una 33 na wanaacha sehemu hiyo nyeupe.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapopotea. Ukiona Maine imepakwa machungwa na kuandikwa asilimia 40 usiseme kutakua na joto. Maana yake ni kwamba nafasi ya mwezi kua wa joto imepanda kutoka 33 mpaka 40, ya kua kawaida bado 33, na ya kua wa baridi bado ipo 27. Asilimia 27 ni zaidi ya robo. Ukiambiwa mabasi manne yanaenda mjini na moja litaharibika njiani huwezi kupanda bila kujipanga.

Tena hata ramani ikisema kweli, inasema kuhusu wastani wa mwezi, haisemi kuhusu Alhamisi. Mfano wa kutosha kabisa ni 2024. Kipupwe cha 2023 kuingia 2024 kilikua na El Niño, ile hali ya maji ya bahari ya Pasifiki kupata moto, mwelekeo ulisema kaskazini ya New England, yaani majimbo haya ya kaskazini mashariki, itaegemea joto, na kweli ikawa hivo, Marekani bara ilipata kipupwe cha joto kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Watu wakaweka makoleo stoo. Tarehe 23 Machi ikaja theluji nzito iliyochanganyika na barafu, alafu usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Aprili ikaja dhoruba nyingine iliyokata umeme kwa wateja zaidi ya 300,000 hapa Maine. Aprili! Na siku nne baadaye, tarehe 8, mbingu ilikua safi kabisa watu wanaangalia jua likipatwa kule Houlton. Ramani haikukosea hata kidogo, waliokosea ni waliosoma wastani wakadhani ni ahadi.

Kwaiyo ramani ya mwezi itumie kwa mambo ya pesa na mipango, mfano nijaze mafuta ya hita kiasi gani, nikate tiketi ya kusafiri lini. Ya siku 8 mpaka 14 itumie kujua kama kuna kipindi cha dhoruba kinakuja. Ya kuvaa kesho usitafute huko.

Hatua ya 3: shuka kwenye utabiri wa wiki, na usiishie kwenye kapicha

Ile picha ya jua na wingu kwenye simu inatengenezwa na kompyuta bila mtu kuiangalia, mara nyingi. Nenda weather.gov, andika namba ya posta ya mtaa wako, mfano 04101, utapata utabiri wa siku 7 kutoka ofisi ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, iliyoko Gray, maili 15 hivi kutoka hapa mjini. Hao wanakaa hapahapa, wanaijua pwani hii. Ukishuka chini ya ukurasa kuna kiungo kinaitwa Forecast Discussion, ni maandishi marefu, wataalamu wanaandika wanachofikiri na wapi hawana uhakika. Kiingereza chake ni kigumu mwanzoni ila we tafuta mambo mawili tu: wanaposema hawana uhakika na njia ya dhoruba, na wanapotaja mstari wa mvua na theluji umekaa wapi.

Tahadhari zao zina ngazi. Watch maana yake viungo vya dhoruba vipo jikoni, inawezekana, jiandae, kawaida inakuja siku moja au mbili kabla. Warning maana yake imeshafika au inakuja kwa hakika, ushamaliza kujiandaa. Advisory ni nyepesi kidogo kuliko Warning, ila hiyo nyepesi imevunja watu miguu wengi kwa sababu wanaidharau.

Hatua ya 4: angalia upepo unatoka wapi

Hii hatua naipenda kuliko zote na naomba uisome polepole.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na upepo. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba bahari inatulia, majahazi yanashuka kutoka Arabuni, wavuvi wanafurahi, na kaskazi inatoka hukohuko kaskazini mashariki. Sasa huku Maine upepo wa kaskazini mashariki ndo wa kuogopa. Dhoruba inapanda na pwani ya Marekani kutoka kusini, inapita baharini mbele yetu, na kwa vile inazunguka kinyume na saa, upepo unatupiga kutoka kaskazini mashariki, umepita juu ya maji, umebeba unyevu wote, ndo maana wenyewe wanaiita nor'easter. Machi ni mwezi wake. Mwaka 2018 Machi ilileta nne mfululizo.

Kwa nini mwezi huu? Kwa sababu kusini kumeshaanza kupata moto na Kanada bado imeganda, na tofauti hiyo ya joto ndo mafuta ya dhoruba. Ukisikia wataalamu wanataja hali ya hewa kuziba kule Greenland, sikiliza vizuri, manake hapo dhoruba inakosa njia ya kutokea, inakaa juu yetu siku mbili tatu badala ya kupita kwa masaa.

Namna ya kusoma sasa. Fungua utabiri wa saa kwa saa, angalia herufi za upepo. Ikiwa NE (kaskazini mashariki) au E (mashariki) na inapanda juu ya maili 25 na kuna mvua au theluji, hiyo ndo yenyewe. Mjini Portland pembeni ya maji inaweza ikawa mvua tupu kwa sababu upepo umepita juu ya bahari ya digrii 4 za Selsiasi, wakati Gray na Windham, bara kidogo, theluji ya shubiri nzima. Kwaiyo kama unakaa Portland na kazi yako ni ghala la Lewiston, usiangalie hali ya mtaani kwako ukaamua kutoka, angalia ya unakoenda.

Ikiwa NW, kaskazini magharibi, dhoruba imepita, mbingu inasafishika, jua linatoka, na hapo ndo watu wanatoka na sweta. Angalia hii: digrii 25 za Farenhaiti na upepo wa maili 25, mwili unasikia kama digrii 9, hiyo ni karibu -13 ya kwetu, na jua linawaka kabisa. Kuna mama mmoja wa Kikongo anakaa ghorofa ya chini yangu, siku moja kama hiyo alirudi kutoka kutupa taka mikono ameikunja kwapani akaniambia, "Mtoto wangu, hii jua ya huku iko na bongo." Bongo kwa Kiswahili cha kwao ni uongo. Tangu siku hiyo nyumba nzima tunaliita hivo, jua la bongo, na watoto wanachungulia dirishani wanauliza baba leo ni jua la kweli au la bongo.

Ikiwa SW, kusini magharibi, ndo joto la kweli, linatoka bara. Lakini Aprili na Mei kuna mtego wa mchana. Bara linapata moto haraka, hewa inapanda juu, hewa baridi ya bahari inaingia kuchukua nafasi yake. Asubuhi umetoka na tisheti, digrii 60, saa 7 mchana upepo unageuka unatoka baharini na ndani ya lisaa inashuka mpaka 45, wakati Lewiston bado wanakula 65 zao. Wenye watoto wa mpira wa mchana wawekee jaketi kwenye begi kila siku mpaka shule zifungwe, hata kama asubuhi watakucheka.

Hatua ya 5: soma namba ya usiku kabla ya namba ya mchana

Mwaka wangu wa pili hapa, mwishoni mwa Machi, mchana ilikua 48. Theluji yote ya paa ilikua inayeyuka, mfereji wa bati ulikua umejaa, maji yanatoka kwenye kona yanadondokea ngazi ya mlango wa nyuma, ngazi ya tatu kutoka juu, yanatambaa mpaka ukingoni yanachuruzika chini. Niliyaona. Niliyaruka nikaingia ndani. Usiku saa 3 mke wangu, ana mimba ya miezi 6, akatoka kwenda kwenye gari kuchukua dawa. Ngazi ilikua inaonekana imelowa tu, mbao zinaonekana chini yake, rangi ya mbao, hamna weupe wowote. Nilisikia kishindo kimoja. Alishika reli kwa mkono wa kulia na reli ndo iliyomwokoa tumbo, ila bega lilitoka. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, bega mpaka leo likipigwa baridi linauma.

Ile ndo barafu nyeusi. Haina rangi nyeusi wala nini, ni kama kioo, unaona kilicho chini yake. Na springi ndo msimu wake kwa sababu inahitaji mchana wa kuyeyusha na usiku wa kugandisha. Januari kila kitu kimeganda, unajua. Machi inakutega.

Kwaiyo fanya hivi kila siku jioni kabla jua halijazama. Angalia digrii za usiku. Kama ni 34 au chini, hesabu kwamba ardhi itaganda hata kama hewa haijafika 32, manake usiku wa mbingu safi bila upepo ardhi inapoa kuliko hewa inayopimwa juu. Zunguka nyumba, tafuta maji yanapopita: chini ya mifereji, kwenye ngazi, pale theluji iliyosukumwa pembeni inapochuruzikia njia ya miguu. Mwaga chumvi ya barafu kabla haijaganda, chumvi ikiwekwa mapema inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kuchelewa, na ikiwa baridi imeshuka chini ya 15 chumvi ya kawaida haifanyi kitu, mwaga mchanga upate kukanyagia. Miji mingi ya Maine inawapa wakazi mchanga wa bure, ulizia manispaa yako, nenda na ndoo. Kwenye gari, madaraja ndo yanaganda kwanza kwa sababu upepo unapita juu na chini. Ukiona barabara inang'aa alafu magari ya mbele hayarushi maji, hayo sio maji.

Kutembea kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Wazee wanunulie zile kucha za kufunga chini ya viatu, hazifiki bei ya kwenda hospitali hata mara moja.

Hatua ya 6: uliza theluji ni ya aina gani

Inchi 6 za Januari na inchi 6 za Aprili ni vitu viwili. Ya Januari ni kama unga, unaipuliza. Ya springi inaanguka joto likiwa hapo hapo kwenye 32, imejaa maji, inashika kama ugali kwenye matawi na nyaya, alafu upepo unakuja. Ndo maana ile ya Aprili 2024 ilikata umeme hivo. Ukisoma kwenye utabiri heavy wet snow na upepo zaidi ya maili 40 pamoja, usiku huo huo chaji simu zote na betri, jaza gari mafuta, chota maji kama unakaa nyumba ya kisima manake pampu ni ya umeme, pika chakula cha kula bila kupasha.

Hapa nasema kwa herufi kubwa moyoni: USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI. Najua kwetu tumekua nalo, limetupikia maharage, limetupasha vidole, lakini nyumba za kwetu zinapumua, hizi zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke. Moshi wa mkaa na wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia tu na huamki. Jenereta ikae nje, futi 20 kutoka nyumbani, mbali na madirisha, sio gereji hata kama mlango uko wazi. Hakikisha kengele ya gesi ina betri.

Kuzoa pia theluji hiyo usishindane nayo. Ni nzito, na kila mwaka inaua watu kwa moyo huku Marekani. Zoa mara tatu wakati inaendelea kuanguka kuliko mara moja ikishafika magotini, sukuma badala ya kunyanyua, na mzee mwenye presha asiguse koleo. Na ikitangazwa marufuku ya kupaki barabarani usiku toa gari, wanavuta kweli.

Hatua ya 7: maji ya bahari

Mtu wa Mombasa, Unguja au Tanga haitaji kufundishwa bamvua na maji mafu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanajaa sana na kupwa sana, katikati yanalala. Hapa ni hivohivo, tofauti ya kupwa na kujaa kwa kawaida ni futi 9, ikifika bamvua kubwa jedwali linaonyesha maji kujaa kwenye futi 11 na zaidi.

Kipimo cha Portland, futi 12 ndo mafuriko madogo yanaanza, 13 ya kati, 14 makubwa. Sasa chukua jedwali la NOAA la kujaa kwa maji ya siku hiyo, jumlisha na kimo ambacho utabiri unasema dhoruba itasukuma. Maji ya bamvua 11 na nusu, dhoruba inaongeza futi 1 na nusu, umepata 13. Gari lililoachwa Commercial Street siku hiyo litaoga maji ya chumvi, na maji ya chumvi yakiingia kwenye gari hilo gari limeisha. Marginal Way nayo angalia sana, maji yanatokea kwenye mitaro huku mvua haijanyesha hata tone.

Tarehe 13 Januari 2024 kipimo kilisoma futi 14.57, kikavunja rekodi ya 14.17 iliyowekwa Februari 1978, na vile vibanda vya wavuvi vya Willard Beach kule South Portland, watu wamevipiga picha miaka na miaka, vikabebwa. Ilikua Januari ndio, lakini hesabu ni ileile Machi na Aprili. Dhoruba ya springi inayokaa siku mbili inapita kwenye kujaa mara nne, na kila mara mchanga uliokua unakinga umeshapungua. Kwaiyo uliza vitu viwili kila dhoruba: mwezi una siku ngapi, na upepo mkali utaangukia saa ngapi ukilinganisha na kujaa.

Hatua ya 8: barafu ya mabwawa, na bahari yenye jua

Fupi ila ya maisha. Kuanzia Machi barafu ya bwawa haipandwi tena. Inaweza kua na unene uleule wa Februari lakini imeoza ndani, jua limeitoboa, mtoto anazama pale mwenzie aliposimama jana. Waambie watoto kwa lugha wanayoielewa, wasiende hata kufuata mpira.

Na ile siku ya kwanza ya digrii 70, mwishoni mwa Aprili au Mei, kila mtu anakimbilia ufukweni. Jua ni la kweli siku hiyo, maji bado ni ya bongo. Ukitumbukia kwenye maji yale dakika ya kwanza huwezi kushika pumzi, unameza maji kwa mshtuko tu, na baada ya dakika 10 hivi mikono inakataa kufanya kazi hata kama we ni mwogeleaji wa Ziwa Tanganyika. Boti ndogo bila jaketi la kuokolea, hapana.

Hatua ya 9: lini uweke nini kabatini

Matairi ya misumari sheria ya Maine inaruhusu mpaka tarehe 30 Aprili, na mimi hiyo naichukulia kama kipimo: matairi ya theluji yatoke wiki ya mwisho ya Aprili, sio kabla. Koleo na chumvi vikae mlangoni mpaka hapo. Mafuta ya hita usiache tanki lishuke chini ya robo eti springi imefika, usiku wa Aprili hita inawaka vizuri tu, na ukikaukiwa itabidi fundi aje kuiwasha upya na hiyo ni pesa nyingine juu ya mafuta. Ukikwama kabisa piga 211, watakuelekeza msaada wa mafuta, omba mkalimani wa Kiswahili. Makoti mazito ya watoto yafue mwanzoni mwa Mei, mabuti ya mpira yaache nje manake tope la Aprili huku linameza kiatu, barabara za vijijini zinavimba na kupasuka kwa sababu ardhi inayeyuka juu huku chini bado imeganda na maji hayana pa kwenda.

Bustani ndo ya mwisho, na ndo inayowauma watu zaidi. Yule mama wa chini mwaka wake wa kwanza alimwaga mbegu zote za lengalenga, mchicha wa kwao, alizobeba kutoka nyumbani katikati ya Aprili, siku tatu za joto zilimpa moyo. Hazikuota, udongo ulikua baridi, zikaoza. Mchicha, matembele, kunde, bamia, vyote vinataka udongo wa moto, na jalidi, yaani umande ulioganda, ya mwisho hapa Portland inaweza kuja mpaka Mei. Wenyeji wanasubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Sasa anaotesha dirishani kwenye makopo ya maziwa kuanzia mwisho wa Aprili, na kila jioni ananigongea ukuta kuuliza usiku itashuka mpaka ngapi. Nikimwambia 50, siku kumi mfululizo, anatoa makopo nje.